Theluthi ya Serikali

Karani wa benki alikuwa kijana wa tai ya kijani, na tangu walipoketi mbele yake alimwita Kabamba "tu", ile "wewe" ya Kifaransa wanayoambiwa watoto na marafiki. Kabamba alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, fundi wa lifti, amevaa koti lake la kanisani, na hakuwa rafiki wa kijana huyo. Hata hivyo alinyamaza. Mkewe, Anne-Marie, ndiye aliyechomwa na kila "tu", kama pini iliyosahauliwa ndani ya nguo mpya.

"Pesa ni zako, hakuna anayekataa," karani alisema. "Lakini hii si akiba ya kawaida, ni akiba ya uzeeni. Kila mwaka ulipokuwa ukiweka, serikali ilikupunguzia kodi, sivyo? Basi ukiivunja kabla ya wakati, serikali inachukua chake. Karibu theluthi moja."

"Theluthi ya nini?" Anne-Marie aliuliza.

"Ya zote, madame."

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni nyuma yao walijifanya kusoma matangazo ukutani. Anne-Marie alishusha sauti. "Hakuna njia ya kuzitoa bila kukatwa hivyo?"

"Zipo. Afikishe miaka sitini. Au mwajiri wake amstaafishe mapema kwa mkataba, ila kwa umri wake hilo silioni. Au..." Kijana alipanga kalamu zake. "Au kifo."

Kabamba aliinua kichwa. "Mtu akifa mnakata kiasi gani?"

"Kodi ndogo tu. Mke na mtoto wanapata karibu zote."

"Wanasumbuliwa?"

"Hapana. Makaratasi machache."

Kabamba aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa kituo cha tramu, akamwambia kijana asante.

Nje upepo wa Novemba wa Ubelgiji ulikuwa ukivuma kutoka upande wa Basilika, kanisa kubwa la mtaa wao wa Koekelberg. Walipanda barabara taratibu. Kila baada ya milango michache Kabamba alisimama kutazama kioo cha duka, na Anne-Marie alisimama naye, wote wawili wakijifanya wanatazama bidhaa.

"Tuiache pale," Kabamba alisema mbele ya duka la viatu vya watoto.

"Tuache nini?"

"Ile falanga ya benki. Hatutoe."

"Papa Kelly," Anne-Marie alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "fin du mois, mwezi ikiisha, batatufukuza. Unasikia? Huissier wa hakimu atakuya na bapolisi, ataweka vitanda yetu mu njia, bantu yote ya Koekelberg baone."

"Tungoje."

"Tungoje nini?"

Kabamba aliendelea kutazama vile viatu vidogo mpaka pumzi yake iliporudi.

Mambo yao yalikuwa yameharibika tangu Februari, moyo wa Kabamba ulipomwangusha akiwa amebeba mota ya lifti kwenye ngazi za jengo fulani. Bima ya ugonjwa ilimlipa, lakini si kama mshahara. Halafu kampuni ya usafi iliyomwajiri Anne-Marie ilipoteza kazi ya jengo moja kati ya yale marefu ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, naye akapunguziwa saa. Walilipa umeme, wakaacha kodi ya nyumba. Mwenye nyumba alingoja kidogo, kisha akaenda kwa hakimu. Hakimu aliamua upesi: walipe miezi minne pamoja na gharama zote, franka elfu themanini na tano, kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo watoke.

Kule benki kulikuwa na laki moja na elfu themanini. Hata serikali ikila theluthi yake, zingebaki za kutosha. Anne-Marie aliipiga hesabu hiyo kila alipokuwa akisukuma ndoo yake kwenye korido za ofisi, na kila mara ilimpa jibu lile lile. Hakuelewa kwa nini mumewe, aliyejua hesabu kuliko yeye, alipata jibu jingine.

*

Siku ya Jumamosi Anne-Marie alikwenda Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, kwenye saluni ya Mujinga ndani ya Galerie d'Ixelles. Mujinga alikuwa dada mkubwa wa Kabamba. Ndiye aliyetangulia Ulaya akitokea Lubumbashi, ndiye aliyemlipia mdogo wake tikiti ya ndege, na hakuna Krismasi iliyopita bila yeye kuikumbusha.

Saluni ilijaa. Mujinga alikuwa akisuka, hakuacha kusuka.

"Yaya," Anne-Marie alimwita, kama anavyoitwa dada mkubwa kwao, "nilikuya tuongee kidogo."

"Ongea."

"Labda tutoke pa inje."

"Inje kuna baridi. Ongea, hapa tuko sisi kwa sisi."

Wanawake wanne walikuwa wakisikiliza. Anne-Marie alisema, akiwa amesimama na mkoba wake mbele ya tumbo. Alipotaja quatre-vingt-cinq mille, zile elfu themanini na tano, mmoja wao alipiga mluzi mdogo.

"Minatoa wapi falanga yote ile?" Mujinga alisema. "Likelemba yetu ya kuchangiana, zamu yangu nilikula mu septembre, sasa ni kulipia bengine tu mpaka mwaka uishe. Na Kabamba iko na akiba. Miaka yote anatuambiaka, miye niko na akiba mu banque."

"Iko. Lakini tukiitoa leo, banakata tiers, ile theluthi. Yeye anakataa."

"Na ni lini habakate?"

Anne-Marie alisita. "Akifikisha soixante ans. Ao akikufa."

Mikono ya Mujinga ilisimama juu ya kichwa cha mteja. "Ah bon. Donc unangoja ndugu yangu afe."

"Yaya, nimekuambia miye nataka tutoe sasa."

"Sasa! Unataka kukula falanga ya mugonjwa na angali anapumua!"

Hata mwanamke wa chini ya mashine ya kukaushia nywele aliitoa kichwani ili asikie vizuri.

"Chagua moja, Yaya," Anne-Marie alisema. Hakuishusha sauti yake. "Nimungoje afe, ao nimukule muzima? Chagua, niende nifanye ile."

Mujinga alifuta mikono, akafungua droo, akatoa noti ya mia tano. "Chukua ya tram."

Anne-Marie aliiacha noti hiyo kwenye rafu, katikati ya makopo ya mafuta ya nywele, akatoka. Alijizuia kulia mpaka alipovuka barabara ya Chaussée de Wavre.

*

Nyumbani hakukuta ugomvi, na hilo lilimtisha kuliko ugomvi. Kabamba alikuwa amekuwa mpole. Alikuwa mtu wa kelele, mtu wa kugombana na redio. Sasa alizungumza kwa utaratibu, akapanga vitu. Jumapili baada ya misa alimwita binti yao Kelly, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, akamwonyesha namna ya kutoa hewa kwenye radieta, skrubu ipi ya kufungua na ipi ya kuacha. Alimwonyesha nambari ya kupiga bima ikichelewesha malipo.

"Papa, juu ya nini unanifundisha ile yote?" Kelly aliuliza akicheka. "Si weye unafanyaka?"

"Ni muzuri mutu ajue." Kisha akasema, bila kumtazama, "École yako ya infirmière, ile ya bauguzi, usiogope. Mu septembre falanga ya inscription, ya kukuandikisha, itakuwako."

Kelly alimkumbatia. Anne-Marie aliyasikia hayo akiwa jikoni, akadhani mumewe amebadili nia na atakwenda benki. Alimsogelea kwa furaha. Lakini alipomuuliza, Kabamba alisema tu, "Tungoje kidogo, Maman Kelly," akainama kulegeza ndala zake. Siku hizo alivaa ndala hata kwenye baridi. Viatu vilikuwa havimwingii tena. Alisema ni uzee.

Jumatatu jioni, akiwa njiani kwenda kazini, Anne-Marie aliingia duka la dawa la mtaani kumnunulia Kelly dawa ya kikohozi. Mwenye duka, mama wa Kibelgiji wa makamo, alimuuliza kwa upole, "Bwana Kabamba amebadilishiwa daktari?"

"Hapana, madame. Kwa nini?"

"Hajaja kuchukua vidonge vyake. Vile vya moyo na vile vya kupunguza maji mwilini. Nikasema labda anachukua kwingine, kwa sababu si vya kuacha vile, hata wiki moja."

Anne-Marie alikuwa amempa Kabamba pesa za vidonge hivyo kwa mkono wake mwenyewe, noti juu ya noti. "Tulikuwa na vingine nyumbani," alidanganya. Aliweka dawa ya kikohozi mkobani. Badala ya kushuka kituo cha metro, aligeuka akarudi nyumbani karibu akikimbia. Kwa miaka sita hakuwahi kukosa zamu.

*

Kabamba alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Vidonge iko wapi?"

"Nilikunywa."

"Maman wa pharmacie anasema hujaenda."

Kisu kilisimama. Kabamba alikitazama kiazi kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo. "Ile falanga nililipa nayo courant, umeme ya nyumba. Bangetukatia."

"Hukuniambia."

"Ungekataa."

Anne-Marie alivuta kiti, lakini hakukaa. Sasa yale yote ya siku zilizopita yalikuwa yakijipanga yenyewe kichwani mwake: radieta, nambari ya bima, ile sauti ya upole, "falanga itakuwako". Na kabla ya hayo, benki. Mtu akifa mnakata kiasi gani?

"Papa Kelly. Unataka kufa."

"Hakuna mutu anataka kufa." Aliweka kisu mezani. "Lakini moyo hii imeisha, weye mwenyewe unaona. Kama ni kufa, nife sasa ao nife mwaka kesho, inabadilisha nini? Inabadilisha soixante mille. Elfu sitini, Anne-Marie! Nilibeba bamoteur mu mugongo huit ans, miaka munane, juu ya ile akiba. Niipatie l'État, serikali, bure? Nikienda mbele ya fin du mois, mwenye nyumba mwenyewe ataona haya, atawangojea. Munalipa deni, Kelly anasoma, na kidogo inabakia. Nilifanya calcul, ile hesabu yote. Ni calcul muzuri."

"Docteur alisema moyo imeisha?"

"Docteur anasema maneno mingi."

"Nilikuwa pale. Alisema ukikunywa dawa na kuacha kubeba vizito, utaona bajukuu yako. Njo vile alisema. Miye nilisikia bajukuu, weye ulisikia nini?"

Pumzi ya Kabamba ilikuwa ikipiga kelele ndogo kifuani, kama maji yanayochemka mbali. Anne-Marie alikuwa ameisikia kelele hiyo kwa wiki kadhaa na kuiita baridi. Alijichukia kwa hilo.

Aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa mumewe.

"Sasa sikia na miye nikuambie calcul yangu. Ukikufa, sitaenda ku banque. Unasikia? Sitaweka signature hata moja. Batanitumia bakaratasi, nitaziacha. Kelly akiniomba, nitamukatalia. Ile laki na themanini yako itakaa pale mpaka benki ianguke. Utakuwa umekufa bure."

"Utaenda. Njaa itakupeleka."

"Tuko pamoja miaka, vingt-deux ans. Unanijua. Miye ni mutu wa kusema kintu na kuacha?"

Kabamba alimjua. Mwaka waliooana, mama yake Kabamba alimtukana Anne-Marie mbele ya wageni, na Anne-Marie alikataa kula chakula cha nyumba ile mpaka mama alipomwomba radhi. Ilichukua miezi. Alipikia barabarani, kwenye mbabula, jiko la makaa, watu wote wakiona.

"Papa?"

Kelly alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule begani. Hakuna aliyemsikia akiingia. "Papa, ni kweli? Ulikuwa unafanya vile juu yangu?"

Mke, Kabamba angeweza kumjibu. Binti hakuweza kumjibu. Yule mtu wa kelele aliinamisha kichwa juu ya maganda ya viazi na mabega yake yakaanza kutikisika.

Anne-Marie alirudi duka la dawa kabla halijafungwa. Ilimbidi sasa kukiri kwamba alikuwa amedanganya, na kwamba hana pesa ya kutosha mpaka mwisho wa wiki, na kuyasema yote mawili mbele ya mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya meno. Mama wa duka alimpa vidonge. Nyumbani, Anne-Marie alisimama mbele ya Kabamba na glasi ya maji, akamngoja ameze, kisha akamwambia afungue kinywa aone chini ya ulimi. Kabamba alifungua.

*

Asubuhi iliyofuata walikuwa tena mbele ya kijana wa benki. Leo tai yake ilikuwa nyekundu. Kabamba alikuwa amevaa viatu vilivyokatwa kwa nyuma, na kutembea kutoka nyumbani kulikuwa kumemmaliza. Jasho lilimtoka ingawa nje kulikuwa na barafu.

"Umefikiri vizuri?" kijana aliuliza. Alionekana kujali kweli. "Maana unatupa pesa nyingi. Ungekuwa ndugu yangu ningekwambia ngoja."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Kabamba, imefika karibu na karatasi. Ikasimama pale. "Ningekuwa ndugu yako," alirudia.

"Ndiyo. Ungengoja tu. Wewe..."

"Monsieur," Anne-Marie alisema. "Mwite 'vous', ile ya heshima."

"Samahani?"

"Mume wangu. Ana umri wa baba yako na hamjawahi kula pamoja. Mwambie 'vous'. Halafu mwache aandike."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini benki nzima ilisikia. Kijana akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Je... vous demande pardon, monsieur," aliomba radhi, akageuza karatasi vizuri zaidi upande wa Kabamba. Kabamba alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Kisha aliandika jina lake, polepole, herufi zote.

Walipofika mlangoni miguu ilimwishia nguvu Kabamba.

Hakuanguka kwa kishindo. Alishika fremu ya mlango, akateleza chini kama koti linalodondoka kwenye msumari, akakaa sakafuni, midomo ya rangi ya majivu. Kijana wa benki ndiye aliyepiga simu. Anne-Marie alikaa naye sakafuni, amemshika kwapani ili kifua kikae wima, na wazo moja tu lilizunguka kichwani mwake: kwamba Kabamba ametia sahihi tayari. Akifa sasa, amekufa na theluthi imekwenda. Yeye mkewe atakuwa amepoteza yote mawili, mume na pesa, na ni yeye aliyemsukuma.

"Usithubutu," alimwambia sikioni. "Kabamba, usithubutu."

*

Hospitalini walimtoa maji kwenye mapafu. Daktari, mwanamke wa nywele fupi, alimgombeza Anne-Marie kwenye korido kana kwamba ni yeye aliyeacha vidonge. Anne-Marie alipokea yote bila kujitetea, mradi sentensi zilikuwa za mtu aliye hai: atakula hivi, hatafanya vile.

Mujinga alikuja siku ya pili akiwa na bukari, ugali wa kwao, iliyofungwa kwa taulo. Alisimama mlangoni mwa chumba, mkoba wake mzuri mkononi, akamwona mdogo wake na mirija puani. Hakuna aliyemwambia habari za vidonge, lakini Kelly alikuwa ameketi pale na macho yaliyovimba, na Mujinga hakuwa mjinga. Hakuomba radhi. Alivua pete, akaomba beseni kwa muuguzi, akapiga magoti na kuanza kumwosha Kabamba miguu, ile miguu iliyovimba, kidole kwa kidole.

"Mumetoa?" aliuliza bila kugeuka.

"Tumetoa," Anne-Marie alijibu.

"Muzuri." Kisha, akisugua kisigino, "Ungeniambia na nguvu zaidi, Maman Kelly. Miye nasikiaka mbaya."

Pesa ziliingia ikiwa imebaki siku moja mwezi uishe. Anne-Marie alizipeleka mwenyewe kwa huissier, dalali wa mahakama, mtu mnene aliyekuwa na mafua, aliyezihesabu mara mbili na kumtakia siku njema. Alitoka akiwa na risiti, akakaa kwenye ngazi za jengo lile kuisoma.

Kabamba alirudi nyumbani katikati ya Desemba, mwembamba, viatu vikimtosha. Kwa siku chache alilala na kula tu. Kisha kelele zikaanza. Zilianza mezani: chumvi haipo, kwa nini chumvi haipo, na kama kuna mtu katika nyumba hii anajua kwamba serikali ya Ubelgiji imekula soixante mille yake. Alimwambia padri baada ya misa. Alimwambia mama wa duka la dawa, ambaye alimpa vidonge na kumsikiliza kwa subira. Alimwambia Mujinga kwa simu, akitumia dakika za gharama.

Majira ya kuchipua yalipofika, alikuwa akitembea na Anne-Marie kila alasiri mpaka kwenye bustani ya mbele ya Basilika, kama daktari alivyoagiza. Siku moja walikuta wafanyakazi wa serikali ya mtaa wakipanda maua ya manjano, safu kwa safu, na wengine wawili wakiwa wamesimama tu wakivuta sigara.

"Angalia!" Kabamba alisema. "Angalia ile, Maman Kelly. Njo falanga yangu ile. Ile maua yote ni miye. Na bale bawili banavuta sigara, ile sigara pia ni miye. Minabeba bamoteur mu mugongo huit ans, na bao banasimama tu!"

Mfanyakazi mmoja aligeuka kuona ni nani anayepiga kelele kwa lugha asiyoijua. Kabamba alimnyooshea kidole, uso umemwiva kwa hasira, sauti ikienda mbali kwenye nyasi. Anne-Marie alipenyeza mkono wake chini ya mkono wa mumewe.

"Ongea, Papa Kelly," alisema. "Ongea. Minasikia."